Somo: Lenzi mbili za Owino na sumaku za LHC

Protoni, chembe ndogo za kiini cha atomi, hubanwaje kabla ya kugonganishwa kwenye LHC, mashine kubwa ya kugonganisha chembe iliyoko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa? Hubanwa kwa sumaku, kama lenzi zinavyobana mwanga. Lenzi mbili za miwani zinatosha kuonyesha. Zangu nilizitoa soko la Owino, Kampala, kwa muuza miwani kuukuu: moja namba +5, nyingine −5. Zote zina urefu wa fokasi (umbali toka lenzi hadi mahali miale ya jua inapokutana, au inapoonekana kuanzia) wa sentimita 20, ila ya kwanza hukusanya mwanga na ya pili huutawanya.

1. Zibananishe, uzipitishe juu ya gazeti. Herufi hazikui wala hazipungui, lenzi zimefutana.

2. Ziachanishe sentimita 10, uzielekeze juani, inayokusanya ikitangulia. (Jua usilitazame kupitia lenzi, tafadhali.) Ya mbele ifunike kwa karatasi yenye tundu la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Doa kali litatokea kwenye karatasi nyingine, sentimita 20 hivi nyuma ya lenzi ya pili.

3. Sasa inayotawanya itangulie. Hapa darasa langu zima lilibisha: mwanga utapotea! Sogeza karatasi ya nyuma polepole hadi kama sentimita 60. Doa hilo hapo, upana wake milimita 4 hivi, sawa na la kwanza. Miale iliyotawanywa hufika pembeni mwa lenzi ya pili, na pembeni ndipo lenzi inapopinda mwanga zaidi.

4. Sumaku yenye ncha nne hufanya yote mawili kwa pamoja: ikibana protoni kulia na kushoto, inazipanua juu na chini. Ukiipanga na nyingine iliyogeuzwa nyuzi 90, pande zote hubanwa: upande mmoja kama hatua ya 2, mwingine kama hatua ya 3. Wanafizikia Courant, Livingston na Snyder waliitangaza mbinu hii mwaka 1952. Mgiriki Christofilos alikuwa ameshaigundua peke yake.

Maswali

*Mwalimu, mbona doa moja liko 20 na jingine 60? Si protoni zitakosa kukutana mahali pamoja?*
Umeuliza penyewe. Ndiyo maana LHC, kila upande wa mahali pa kugongana, huweka kundi la sumaku tatu na kurekebisha nguvu zake, mkondo wa protoni ubanwe pande zote hapo hapo. Usanifu wake ulilenga mikromita 16 hivi; unywele ni mnene zaidi.

*Kwa nini wasitengeneze sumaku moja ya kubana pande zote?*
Kanuni za Maxwell, za umeme na sumaku, zinakataa. Ndani ya bomba tupu, ukibana huku utapanua kule.

*Ssebo (bwana), lenzi za −5 sipati huku Mbale.*
Chukua −4 na +4, ziachane sentimita 12.5. Madoa yatafute kwenye 25 na 75.