Kuunganisha sevo na eleroni: maliza kazi kwenye waya kabla ya kurekebisha rimoti

Sevo ni mota ndogo inayosukuma na kuvuta waya mgumu wa chuma, na waya huo huinua au kushusha eleroni, yaani kibao chenye bawaba nyuma ya bawa kinachoilaza ndege upande. Vipimo vilivyo hapa ni vya ndege ndogo ya rimoti ya kujifunzia, ya povu au balsa (mbao nyepesi), yenye upana wa mabawa wa mita 1 hadi 1.4 na sevo za gramu 9. Ndege kubwa hufuata kanuni zilezile, ila waya wake ni mnene zaidi na sevo zina nguvu zaidi.

Vua propela kwanza, maana mota ikiwaka ghafla hukata vidole. Washa rimoti, kisha risiva, yaani kipokezi kilicho ndani ya ndege. Trimu na sabutrimu zote, yaani marekebisho madogo ya katikati kwenye rimoti, ziwe sifuri, na vikomo vya mwendo wa sevo viwe asilimia 100. Sevo ikishakaa katikati, funga mkono wake, yaani kipande chenye matundu kinachovishwa kwenye ekseli yake, ukiwa digrii 90 na waya. Angalia waya, usiangalie mwili wa sevo, kwa sababu waya mara nyingi hupita kimshazari.

Hapa wengi hukwama: kwenye jino hili la ekseli ya sevo mkono umeinama mbele, ukirudisha jino moja umeinama nyuma. Sevo ya meno 21 huruka takriban digrii 17 kwa kila jino. Usikimbilie sabutrimu. Chukua mkono wa msalaba wenye ncha nne ujaribu ncha moja moja. Kwa kuwa 21 haigawanyiki kwa 4, mkao wa kila ncha juu ya meno hutofautiana na wa jirani yake kwa kama digrii 4.3, hivyo mojawapo itakaa karibu kabisa na unapotaka. Kata tatu zilizobaki. Sabutrimu imalizie kile kidogo kilichosalia.

Pembe, yaani kile kipande chenye matundu kinachobandikwa kwenye eleroni, ikae matundu yake yakiwa wima juu ya mstari wa bawaba. Yakirudi nyuma milimita chache tu, eleroni itapanda na kushuka kwa viwango visivyolingana. Kwenye eleveta, kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua ya ndege, kasoro hiyo inaudhi zaidi.

Sasa uchaguzi wa matundu, na hapa ndipo ubora wa kazi yote unapoamuliwa. Tumia tundu la ndani kwenye mkono wa sevo na la nje kwenye pembe. Tuseme mkono ni milimita 10 na pembe ni milimita 20. Sevo ikizunguka digrii 45, waya husogea milimita 7 na eleroni huinama karibu digrii 21, mwendo unaotosha na kubaki kwa anayejifunza. Ukifunga kinyume chake, eleroni itainama kupita kiasi, nawe utalazimika kushusha kikomo kwenye rimoti hadi kama asilimia 23. Ndege itaruka, lakini zaidi ya robo tatu ya mwendo wa sevo umeutupa, na nguvu inayofika kwenye eleroni imepungua.

Mlegeo nao hukua. Waya ukicheza milimita 0.2 kwenye pembe ya milimita 10, ukingo wa nyuma wa eleroni yenye upana wa milimita 40 hucheza 0.8. Kwenye pembe ya milimita 20 hucheza 0.4. Eleroni iliyolegea huweza kuanza kupapatika ndege inapopiga mbizi: unasikia mvumo mkali, na bawaba au meno ya sevo yanaweza kung'oka kabla hujapunguza mwendo.

Kwa povu, waya wa chuma wa milimita 1.2 unatosha. Ukunje umbo la Z upande wa sevo. Tundu likihitaji kupanuliwa, zungusha keekee kwa vidole, kwani mashine hulipanua mno. Upande wa pembe weka kifungio cha skrubu. Nati yake ikazwe kiasi cha kukiacha kizunguke bila kucheza, kisha itie tone la gundi. Kwa balsa, waya wenye hesi (mikato ya skrubu) na klevisi, yaani uma mdogo unaoshika tundu la pembe, ni bora. Hakikisha hesi zinaonekana ndani ya uma, halafu vika klevisi kipande cha mpira wa silikoni isije ikafunguka hewani.

Waya ukivutwa hauna shida, ukisukumwa hupinda. Urefu ukiongezeka mara mbili, uwezo wake wa kuhimili msukumo hubaki robo tu. Shika eleroni kwa upole, sukuma kijiti cha rimoti, utazame waya. Ukijikunja, upitishe kwenye mrija uliobandikwa kila baada ya sentimita 10 hivi, au tumia fimbo ya kaboni.

Sevo ikinguruma bila kuguswa, chomoa waya kwenye pembe. Ngurumo ikinyamaza, kuna kitu kinakwama: bawaba ngumu, au waya unaogusa povu. Ondoa tatizo hilo, kwani sevo iliyokwama hula betri na huweza kuungua.

Mwisho pima mwendo kwa rula kwenye ukingo wa nyuma: milimita 12 kwa eleroni ya milimita 40 ni kama digrii 17. Simama nyuma ya ndege, peleka kijiti kulia. Eleroni ya kulia ipande, ya kushoto ishuke. Zikienda kinyume, geuza mwelekeo wa chaneli ya eleroni kwenye rimoti, usiguse waya.