Udogo katika Kihispania: nomino zinazosumbua

Casa (nyumba) huwa casita (kijumba), libro (kitabu) huwa librito. Hilo kila mwanafunzi analijua wiki ya kwanza. Kazi huanza akikutana na mano (mkono), pan (mkate) na azúcar (sukari). Mimi hufundisha kwa mpangilio huu.

Hatua ya 1. Tazama mwisho wa neno. Likiishia kwa a au o isiyo na mkazo, ondoa irabu hiyo, ubandike -ita au -ito. Irabu ya mwisho hairekebishwi ili ifuate jinsia (el ni ya kiume, la ni ya kike): el problema ni el problemita, el mapa ni el mapita. Mkorofi ni la mano, la kike lakini linaishia o. Uhispania na Meksiko husema la manita. Sehemu kubwa ya Amerika Kusini, la manito. Usibishane na mtu. Sema kama wenyeji wako.

Hatua ya 2. Neno la silabi mbili au zaidi linaloishia n au r huchukua -cito au -cita: canción, cancioncita, amor, amorcito. Vivyo hivyo yale ya silabi mbili yenye e mwishoni: coche, cochecito.

Hatua ya 3. Maneno ya silabi moja. Hapa Mswahili ana bahati. Mti ukiutia katika udogo hupati "kiti", maana hicho ni cha kukalia, unapata kijiti. Mto nao, kijito. Shina fupi tunaliongezea ji. Kihispania nacho huongeza -ec- katikati: flor, florecita, pan, panecito, luz, lucecita, pez, pececito. Pie huzidisha: Uhispania ni piececito. Amerika hawapendi urefu huo, kwa hiyo utasikia florcita, pancito, piecito. Ukiandika mtihani, uliza kwanza unafuata Kihispania cha wapi.

Hatua ya 4. Linda sauti katika tahajia: barco, barquito, lago, laguito, agua, agüita, na vile vidoti viwili usivisahau.

Hatua ya 5. Yaliyobaki yakariri tu. Carlos ni Carlitos, lejos ni lejitos. Azúcar huweza kupasuliwa tumboni: azuquítar, na Óscar akawa Osquítar. Haya ni ya mazungumzo, si ya barua rasmi. Kosta Rika, Kuba na Kolombia, neno lenye t kwenye silabi ya mwisho hupenda -ico: gato, gatico.

Kabla ya kutumia -illo, kiambishi kingine cha udogo, fungua kamusi. Bolsillo si mkoba mdogo, ni mfuko wa suruali.