Cherehani mchana, hesabu alfajiri: kusomea uhasibu ukiwa fundi wa nyumbani Mtwara na Lindi

Fundi cherehani anayetaka kuhamia uhasibu kwa kawaida huanza kuulizia ada. Aanze na kalenda. Mitihani ya Bodi ya Wahasibu, NBAA, hufanyika Mei na Novemba, na huku kwetu miezi hiyo haifanani hata kidogo. Novemba minada ya korosho imepamba moto, pesa imeingia mtaani, na kila aliyelipwa anataka gauni au suti. Wiki za kurudia masomo zinagongana na wiki za oda. Kitakachoachwa ni kitabu, maana mteja anapiga hodi na kitabu hakipigi.

Basi lenga Mei. Hesabu wiki 20 kurudi nyuma, utaangukia katikati ya Desemba. Saa 10 kwa wiki zinakupa saa 200. Kabla ya kujisajili, uliza sifa za kuingia na masomo unayoruhusiwa kufanya kwa mkupuo mmoja, ndipo uzigawe saa hizo. Angalia na Idi: Idi el-Fitri husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, na 2027 inatarajiwa Machi, katikati ya mpango wako. Wiki mbili kabla yake usijidanganye kwamba utasoma, zifidie Januari.

Anayetaka cheti au stashahada ya darasani, Taasisi ya Uhasibu (TIA) ina kampasi Mtwara. Kwa shahada, Chuo Kikuu Huria kina vituo Mtwara na Lindi. Chuo kingine chochote, kitafute kwanza kwenye orodha ya NACTVET (baraza linalosimamia vyuo vya ufundi), au TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwa shahada, kabla hujatuma hata shilingi.

Muda mzuri ni saa 11 alfajiri hadi saa 12 na nusu, Jumatatu hadi Ijumaa. Hizo ni saa saba na nusu. Mbili na nusu zilizobaki ziweke Jumapili. Mchana bati linachemka na wateja hawaishi, na usiku macho yameshachoshwa na uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi.

Mazoezi yako yapo kwenye daftari la oda. Mteja ameacha malipo ya awali ya 5,000 kwa gauni la 25,000. Wengi huandika mauzo 5,000 siku hiyohiyo, na hapo ndipo wanapokosea: gauni halijashonwa, kwa hiyo hiyo pesa ni deni lako kwake. Debiti (andika upande wa kushoto) fedha taslimu 5,000, krediti (upande wa kulia) malipo ya awali ya wateja 5,000. Akija kuchukua na kumalizia 20,000, debiti fedha 20,000, debiti malipo ya awali 5,000, krediti mauzo 25,000. Fanya hivyo kwa oda zote za mwezi, kisha andaa urari, yaani orodha ya salio za akaunti zote, debiti upande mmoja na krediti upande mwingine. Pande mbili zisipolingana, gawa tofauti kwa mbili: ukikuta kiasi unachokifahamu, huenda umekiandika upande usio wake. Tofauti ikigawanyika kwa 9, shuku tarakimu zilizopishana, kama 540 iliyoandikwa 450.

Mtihani ni wa Kiingereza. Chora safu mbili daftarini, neno la Kiingereza kushoto na maana kwa Kiswahili chako kulia. Wapo wanaojua hesabu vizuri wakaanguka kwa kutoelewa swali linataka nini.

Kuhusu bando: video ya saa moja kwa ubora wa 360 hula takriban megabaiti 300, kwa 720 inaweza kufika gigabaiti nzima. Pakua usiku, tazama alfajiri bila intaneti. Mitihani iliyopita ichapishe kwenye karatasi, maana umeme ukikatika, kompyuta yenye betri iliyokufa inazima na kazi ambayo hujaihifadhi.

Kinachoharibu mpango kuliko vyote ni ile "njoo kesho" ya mafundi. Mteja aliyeambiwa kesho atafika saa 12 asubuhi, akukute kitabuni, na asubuhi yako imeisha. Taja tarehe, ongeza siku mbili juu yake, na uandike kwenye risiti kwamba nguo huchukuliwa kuanzia saa 10 jioni. Wiki tatu kabla ya mtihani pokea marekebisho madogo tu: zipu, pindo, kupunguza kiuno. Sare za harusi mpe fundi mwenzako, mkubaliane mapema asilimia yako ni ngapi.