Nyota ya Dhahabu ya mama na mjane: tengenezeni karatasi kijana akiwa hai

Jeshi la Marekani lilipoanza mwaka 2009 kuandikisha wageni wenye viza za muda kwa ajili ya lugha wanazozijua, Kiswahili kilikuwemo kwenye orodha. Mpango ule ulisimamishwa 2016, lakini vijana wetu hawajaacha kuvaa kombati, wengi kwa green card. Wakihitimu tunapiga vigelegele na picha zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Akifariki akiwa jeshini, familia yake hupewa beji ya kumbukumbu yenye nyota ya dhahabu, na swali tusiloliuliza mapema ni hili: kwenye fomu yake ameandika nani?

Nasema fomu DD 93, ya taarifa za dharura. Mpwa wangu alifariki kwenye ajali ya mazoezi. Kwao Kenya alikuwa ameoa: mahari imelipwa, wazee wameketi, mtoto yupo. Kwenye kumbukumbu za jeshi alikuwa kapera, maana ndoa haikuwahi kusajiliwa, na pasipo cheti mke haingii kwenye DEERS, daftari la familia za wanajeshi. Mama naye alikuwa na majina matatu: la ubatizo kwenye cheti cha kuzaliwa cha kijana, la mume kwenye kitambulisho, na lile tunalomwita nyumbani, ambalo ndilo kijana alilijaza kwenye fomu. Karani alizipanga zile karatasi mezani, akazungushia kila jina duara kwa kalamu ya bluu, kisha akaniuliza yupi kati ya hao wanawake ndiye mama.

Ni dada yangu mmoja tu, na alikuwa bado hajamzika mwanawe.

Basi nawaambia, na nitarudia: majina yalingane. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, pasipoti, DD 93, yote herufi kwa herufi. Kiapo cha wakili na barua ya chifu vinasaidia, lakini kuvitafuta ukiwa matangani ni mateso. Na ndoa isajiliwe. Sheria ya Ndoa ya 2014 imefungua mlango kwa ndoa za kimila, kwa hiyo wazee wangu wapendwa, msiseme "sote tunamjua mke wetu". Mnamjua ninyi. Afisa wa Texas hamjui.

Tena, fomu ijazwe upya kila jambo likibadilika: akioa, akipata mtoto, mzazi akifariki. Humo ndimo anamotajwa wa kupewa dola 100,000 za rambirambi ya serikali. SGLI, bima ya maisha ya wanajeshi, inayofika dola 500,000 tangu 2023, ina orodha yake mbali ya wa kulipwa. Kuna vijana waliojaza wakiwa depo, kwenye mafunzo ya mwanzo, wakiwa na miaka kumi na tisa, na hawajaigusa tena.

Beji zenyewe ni mbili, na hapa ndugu wengi huumia. Nyota ya Dhahabu yenye mandhari ya zambarau, iliyowekwa na Bunge la Marekani mwaka 1947, ni ya familia ya aliyekufa vitani au kwa shambulio la kigaidi. Aliyekufa kazini kwa ajali au ugonjwa, familia yake hupewa beji nyingine, ya mwaka 1973, nayo ina nyota ya dhahabu. Msimlaumu anayewashughulikia kwamba amewapunja. Hiyo ya vitani huombwa kwa fomu DD 3, na mama na mjane hawalipi chochote. Afisa anayepangiwa familia huwasaidia kuijaza.

Marekani inamheshimu mwanajeshi kuliko nchi zetu zinavyowaheshimu wa kwao. Uwanja mzima wa mpira husimama kwa ajili yake. Ila heshima hiyo huchelewa kumfikia mama asiye raia. Mwaka 2005 chama cha akina mama wa Nyota ya Dhahabu, kilichoanzishwa 1928, kilimkataa mama wa Kifilipino ambaye mwanawe aliuawa Afghanistan, kwa kuwa tu hakuwa raia. Watu walipopiga kelele, kanuni ikabadilishwa mwaka uleule. Kwa hiyo pigeni kelele. Mkikataliwa, ombeni jibu kwa maandishi, mwandikieni mbunge wa jimbo alikokuwa akiishi kijana. Ofisi za wabunge zina watu wa kufuatilia mambo ya wanajeshi, na faili lililolala huamka.

Beji haileti viza. Haileti green card. Anayewaambia wajomba huko nyumbani watume pesa "ili medali itolewe" ni tapeli, hata akiwa na picha ya kombati kwenye simu. Na nyuma ya beji kuna nafasi ya kuchonga herufi za mwanzo za jina la anayeipokea. Mpeni afisa herufi hizo kama zilivyo kwenye kitambulisho cha mama, kabla hajatuma maombi.