Kupima uoto wa ardhioevu yenye vichaka baada ya ukataji miti na moto

Ukifika kwenye ardhioevu iliyokatwa miti kisha ikaungua, utaona kijani kila upande na utatamani kusema imepona. Subiri. Kinachotafutwa ni chanzo cha kijani hicho: mizizi iliyonusurika, au mbegu zilizoingia baadaye?

Hatua ya 1. Gawa eneo kwenye ramani: palipokatwa tu, palipokatwa na kuungua, na palipobaki salama kama papo. Sehemu za kuanzia mistari ya kupimia zipatikane kwa bahati nasibu, kwani jicho huchagua panapopitika.

Hatua ya 2. Tandaza tepu ya meta 30, uikaze. Piga vigingi vya chuma ncha zote mbili na uandike vipimo vya GPS. Vigingi vya mti vitaungua moto ukirudi. Tembea upande mmoja tu wa tepu; upande wa pili usikanyagwe.

Hatua ya 3. Andika kila kichaka kinapoanzia na kuishia kukatiza tepu. Kikianza meta 4.20 na kuishia 5.85, umepata sentimeta 165. Jumla ikifika 1,260 kwenye tepu ya sentimeta 3,000, vichaka vimefunika asilimia 42. Pima na kimo cha kila kichaka.

Hatua ya 4. Kila meta 5 weka fremu ya meta 1 kwa 1, ukadirie asilimia ya kila aina ya mmea wa chini: ndago, matete, miche. Jumla inaweza kupita 100 kwa kuwa majani hupandana, usiipunguze.

Hatua ya 5. Hii ndiyo ninayoiona ikirukwa mara nyingi, nayo ndiyo yenye jibu. Piga magoti, fukua shina taratibu kwa vidole. Ukikuta vijiti vingi vimetoka kwenye gogo nene lenye ngozi nyeusi ya mkaa, hayo ni machipukizi ya mmea wa zamani. Ukikuta shina moja jembamba na mzizi mkuu wake mmoja, huo ni mche wa mbegu. Viwili hivi vinaweza kulingana kimo vikisimama bega kwa bega, kwa hiyo viandikwe safu tofauti.

Hatua ya 6. Pima kina cha maji, kisha zamisha fimbo nyembamba ya chuma hadi igote, upate unene wa mboji, yaani tabaka la mimea iliyooza. Miti ikikatwa, maji hayanyonywi kama zamani, hivyo mara nyingi hupanda; moto nao hula mboji na kushusha ardhi. Hapo vichaka huzama, ndago zikatawala. Tanguliza fimbo kabla ya mguu: mboji huweza kuungua chini kwa chini kwa miezi, ikaacha mashimo yaliyofunikwa na majani.

Mmea usioujua, chukua kitawi chenye ua au tunda, kipe namba, kikandamize kwenye magazeti siku hiyohiyo. Piga picha ukiwa kwenye kila kigingi, na mwakani rudi mwezi uleule.