Kurudisha remorke (trela) nyuma: anza Jumapili asubuhi

Shofa mpya akija kwangu, swali ni lile lile: "Papa, nitajizoezea wapi?" Kwenda mbele hakumsumbui. Kutoka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ni kilomita 90 hivi za lami, hata mtu wa miezi miwili anafika. Tabu inamngoja kwenye geti la depo huku Kampemba, hapa Lubumbashi, geti jembamba, teksi zinapiga honi nyuma yake, mlinzi amekaa kwenye kiti cha plastiki akisubiri kucheka.

Nafasi iko Jumapili asubuhi. Wiki nzima uwanja umejaa, lakini saa hizo watu wako kanisani. Omba ruhusa kwa patroni na kwa mzee wa uwanja tangu Ijumaa, halafu fika na bido za manjano, yaani madumu, tupu. Nasisitiza tupu. Bido tupu ukiigusa inaanguka kwa kelele, na kosa lako linaishia hapo.

Panga bido mistari miwili na urudi katikati, moja kwa moja, basi. Jumapili mbili au tatu, hilo tu. Vijana wanalidharau zoezi hili kwa sababu hawajui kwamba remorke ikisukumwa haikai sawa yenyewe. Inatafuta pa kupindia, na ukichelewa kuiona itakuzidi. Shika volani, yaani usukani, sehemu ya chini kabisa kwa mkono mmoja. Ukitaka mkia uende kushoto, peleka mkono kushoto. Ukitaka kulia, kulia. Zungusha kidogo, ngoja uone, rudisha. Mguu usiguse mafuta kama gari linatembea lenyewe. Remorke fupi inapinda haraka kuliko ndefu, kwa hiyo usijivune ukipewa fupi ukidhani umepewa rahisi.

Sasa kona, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Magari mengi ya huku yametoka Zambia, Tanzania au Afrika Kusini, volani iko kulia, na sisi Kongo tunaendesha kulia kwa barabara. Wapya wanalalamika kwamba hawaoni wanapotaka kumpita mtu, ni kweli. Lakini kwa kurudi nyuma, geti likiwa kulia kwako, volani hiyo ni zawadi: unatoa kichwa dirishani na kuona tairi za mwisho zikiingia. Mwenye volani ya kushoto, geti hilo hilo ni upofu. Yeye ni afadhali aende mbele, ageuze gari, aje kutoka upande wa pili ili geti liwe kushoto kwake, na konvwayeri, msaidizi wake, asimamishe magari. Ni dakika kumi. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilizionea uchungu hizo dakika kumi.

Patroni alikuwa anapiga kelele, jua linazama, nikaingiza mkia upande nisiouona. Konvwayeri alikuwa nyuma kabisa akiniita "kuya, kuya!", yaani njoo, sauti naisikia, uso siuoni. Kando ya uwanja kulikuwa na kichuguu, vile vya kwetu vinavyofyatuliwa matofali. Ukikitazama ni udongo. Ukikigonga ni saruji. Bampa ilikunjika, taa mbili zikaisha, na mshahara wangu ukakatwa miezi miwili. Tangu hapo nina sheria na konvwayeri wangu: simuoni kwenye kioo, sitembei. Na anayeelekeza ni mmoja. Wapita njia wote wana ushauri, waache wabaki nao.

Ukiona kichwa cha gari na remorke vinakunjana kama kiwiko, simama kabla kona ya kabini haijagusa remorke. Nenda mbele, nyoosha, anza tena. Nimeendesha miaka mingi na bado naenda mbele mara mbili, tatu. Na shuka uangalie. Vuta breki ya mkono kwanza, bwana mdogo, halafu ndiyo ushuke.

Jumapili zikikuishia, tumia foleni ya Kasumbalesa. Hapo magari yanakaa, na wazee wamechoka. Mwendee mmoja kwa heshima, umwite yaya, yaani mkubwa wako: "Yaya, ukifika wakati wa kupanga gari, nikupangie ukiwa pembeni yangu?" Wengine watakufukuza. Atakayekubali atakufundisha gari ambalo si lako, lenye klachi nyingine na urefu mwingine, na huo ndio uzoefu wenyewe. Ila supalinki, ile ya remorke mbili, usiiombe. Ina mikunjo miwili, mkono wako wa chini ya volani utakudanganya, na hata wazee wengi wanaona heri kutafuta njia ya kuzunguka mbele.

Mvua zikianza Novemba, kabla ya kurudi kwenye uwanja usio na lami, tembea kwa miguu pale tairi za nyuma zitakapopita. Kiatu kikibaki kwenye tope jekundu, omba kupakulia sehemu nyingine.