Kutotolesha mayai ya kambale: kuanzia beseni kavu hadi mlo wa kwanza

Weka kipimajoto ndani ya maji yenyewe, si ukutani. Yai la kambale hukua kwa joto: maji yakiwa nyuzi 25 huanguliwa baada ya takriban saa 27, yakifika nyuzi 28 ni saa ishirini na kidogo tu. Mimi hushikilia nyuzi 27 hadi 28, na usiku huamka kupima.

Naanzia pale jike alipokwisha kukamuliwa mayai. Beseni liwe kavu kabisa, kwa sababu yai likiguswa na maji hufunga kitundu ambamo mbegu huingilia. Mimina mbegu za dume zilizochanganywa na maji ya chumvi (gramu 9 kwa lita), koroga polepole kwa unyoya wa kuku, ndipo uongeze maji safi. Hapo usizubae: mbegu huamshwa na maji hayo na huishiwa nguvu kwa takriban dakika moja. Endelea kukoroga, maana mayai yananata na yatashikana bonge.

Yatandaze kwenye chandarua kilichowambwa kwenye fremu na kuzamishwa kidogo, tabaka moja tu. Yakilaliana, ya chini hukosa hewa na kufa, kisha ukungu unaoota juu ya mayai mafu huyavamia mazima ya jirani. Pampu ya hewa ifanye kazi muda wote. Funika chombo, kambale wachanga hupenda giza.

Yai zima hubaki angavu, lililokufa huwa jeupe. Saa za mwisho utaona mkia ukitikisika ndani ya yai. Usiondoke.

Wakianguliwa, hupenya kwenye matundu ya chandarua, huanguka chini na kurundikana kwenye kona yenye giza, huku maganda na mayai mafu yakibaki juu. Wote wakishashuka, nyanyua chandarua, tena bila kuchelewa. Nimewahi kukiacha hadi asubuhi, maganda yakaoza, nikapoteza karibu kundi zima. Bado inaniuma.

Kifaranga huyu ana milimita 5 hadi 7 na kifuko cha kiini tumboni. Usimlishe, chochote utakachotupia kitaoza tu. Nyonya uchafu wa chini kwa mrija mwembamba, ukiwakwepa.

Kwenye joto hilo, mnamo siku ya tatu tangu kuanguliwa wataanza kutawanyika na kupanda juu kutafuta chakula. Lisha wakati kiini kimebaki kidogo, usingoje kiishe. Wape atemia hai (vijidudu vidogo vya maji ya chumvi, jamii ya kamba), kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Matumbo yakigeuka rangi ya chungwa, wamekula. Atemia nao huchukua takriban siku nzima kuanguliwa kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo loweka mayai yao siku ya pili, vifaranga wakiwa bado wamelala chini.